Ndurumbi Aliyegeuka Nduru: kisa cha kulitia muziki shairi lisilo na maana

Majina ya watu, ya kikundi na ya mji nimeyaondoa. Mistari ya shairi nimeiacha kwa ruhusa ya aliyelitunga, kwa sababu bila hiyo kisa hakisimuliki.

Usuli

Kikundi kilikuwa na watu sita: waigizaji wanne wanaoimba, wanawake wawili na wanaume wawili, pamoja na mpiga ngoma na mpiga kodiani. Mwongozaji alikuwa mmoja wa wale wanne. Mimi niliitwa kutunga muziki tu, lakini wiki ya kwanza mpiga kodiani alipata harusi za mwezi mzima, nikajikuta nimekalia kiti chake.

Kazi ilikuwa kipande cha dakika 12 ndani ya jioni ya michezo mifupi. Ukumbi ulikuwa wa shule, viti kama 90, bati juu, hakuna vipaza sauti. Tulipewa wiki tano, na malipo yalikuwa nauli na chai.

Wazo lilitoka kwa mwongozaji. Chuoni aliwahi kuigiza "Jabberwocky", lile shairi la Lewis Carroll lililotoka 1871, ambalo lina maneno mengi ya kubuni. Alitaka tulitafsiri. Tukakaa alasiri nzima chini ya mwembe tukijaribu, na tulichopata ni aibu. Shida yenyewe ni hii: maneno ya Carroll yanaegemea masikio ya Mwingereza. "Slithy", kwa mfano, kitabu chenyewe kinaeleza kuwa ni maneno mawili yaliyobanwa pamoja, moja la wepesi wa kujipinda na jingine la utelezi. Mwenzetu mmoja akapendekeza "nyumbutelezi". Tulicheka sana, halafu tukaona kwamba tumecheka sisi tunaojua lilikotoka. Mtazamaji asiyejua angebaki anatukodolea macho.

Ndipo mwigizaji mkubwa kwa umri akasema ana mjomba wake, mwalimu mstaafu, malenga wa mtindo wa zamani, wale wanaohesabu mizani kwa vidole wakiongea na simu. Tukaenda kumwamkia. Tukamweleza kwamba tunataka shairi lisilo na maana. Akatuangalia mmoja mmoja, akauliza: "Lisilo na maana, au lisilo na adabu?" Tukamhakikishia kuwa ni la kwanza. Akasema turudi Ijumaa.

Shairi

Mwalimu ni mfuasi wa sheria za utunzi alizochapisha Amri Abedi mwaka 1954, na kwake upuuzi si udhuru wa kuvunja sheria. Alituletea tarbia ya beti tano, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimesimama, kituo kimoja kinachorudiwa. Beti mbili za mwanzo ni hizi:

Kigombori chatondora, chajitwika mafurundwi,
Kutwa kwenye kimbadora, kunanuka matarundwi,
Mzee wa Njangalora, akavaa vigurundwi,
Nani kala zile mbora, na majungu hayafundwi?

Ndurumbi katoa pule, akamrushia fyumbo,
Likaanguka shongole, likatota kama gimbo,
Wapi wewe, wapi yule, na mjukuu wa Fimbo,
Nani kala zile mbora, na majungu hayafundwi?

Tazama alichofanya. Kigombori hakipo kwenye kamusi yoyote, lakini kila Mswahili anakijua kiasi fulani: ni kimoja, vikiwa vingi ni vigombori, huenda si mtu, na kikipata ukubwa wa kutisha kitaitwa gombori. Shongole ni la ngeli ya li-, kwa hiyo likianguka linaanguka kwa uzito. Ngeli zimebeba nusu ya picha kabla mwigizaji hajainua mkono. Sarufi imesimama imara, maana ndiyo iliyoondoka nyumbani.

Wala si kitu kigeni kwetu. Watoto wanaocheza "Ukuti ukuti" wanafika kwenye "watete watete watetemeka" na utamu wote uko kwenye silabi. Nyimbo zilizomo ndani ya ngano nyingi zina maneno ambayo hata bibi anayezisimulia hana tafsiri yake. Hilo lilitupa moyo, pengine kupita kiasi.

Wiki mbili za mwanzo

Nilifikiri kama wengi wanavyofikiri: shairi la kuchekesha, basi muziki wa kuchekesha. Nikachukua mdundo wa mchakamchaka, ule wa asubuhi shuleni, mapigo manne na silabi mbili kila pigo. Mizani nane zinaingia humo kama mkono kwenye glavu:

KI-go MBO-ri CHA-to NDO-ra

Mstari huo ulikaa vizuri mno, na hapo ndipo uliponidanganya. Sikuupima hata mmoja mwingine. Nikaandika mahadhi ya ubeti mzima, nikayarudia kwa beti zote tano, nikaweka kodiani inayoteleza na kuguna kila baada ya kituo, na kayamba mwanzo hadi mwisho. Mazoezini tulikuwa tunavunjika mbavu. Mwalimu hakuwepo, tulimwona mzee wa watu, tusimsumbue.

Kero moja ilijitokeza mapema nikaipuuza. Kwenye "akamrushia" mahadhi yalipanda hadi noti ya juu kuliko zote, na silabi iliyokuwa pale juu ni m. Dada aliyekuwa akiimba sehemu ile akaniambia, "Kaka, hapa mdomo umefungwa, unataka nipige kelele kwa puani?" Nikamwambia ajitahidi. Kwenye mizani m inahesabiwa silabi nzima sawa na nyingine, kwa hiyo kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa.

Jaribio la uani

Mwisho wa wiki ya pili tuliimba uani kwa shangazi wa mmoja wetu, mbele ya majirani kumi na kitu na watoto wao. Walikuwa wema, walipiga makofi. Baadaye tukawauliza swali moja tu: mmesikia nini? Hatukuuliza "mmeelewa nini", maana hapakuwa na cha kuelewa.

Mama mmoja akasema alisikia "nduru" kwenye ubeti wa pili, akawa anasubiri mtu apige nduru, na hakupiga. Kijana mmoja akauliza, "Huyu Mbika ni nani?" Mbika! Tulitazamana. Kisha nikaimba mstari ule taratibu, nikajisikia mwenyewe:

NDU-ru MBI-ka TO-a PU-le

Wale watu hawakukosea hata kidogo. Ndurumbi wetu nilikuwa nimempasua vipande viwili, cha kwanza kikawa nduru, cha pili kikaungana na jirani yake kuzaa mtu anayeitwa Mbika. Shongole hakuna aliyelikumbuka. Fyumbo lilimezwa na kayamba. Na wote, bila ubishi, walikuwa wameshika mstari mmoja: "Mzee wa Njangalora."

Tulifanya uchunguzi wa haraka na tukakosea. Tulisema tatizo ni matamshi na ukimya wa jukwaa. Mwongozaji akaagiza kila neno la kubuni lipewe ishara: kigombori mikono hivi, kutondora kiuno vile, fyumbo ngumi hewani. Siku tatu zikaenda hapo. Tulipomwonyesha rafiki yetu mmoja, alikaa ameinama mbele kama anayetazama mtu bubu akimwelekeza njia. Alikuwa anatatua fumbo. Hakucheka mara moja, na mwisho akatuuliza kama fyumbo ni nyundo.

Kahawa kwa Mwalimu

Wiki ya tatu tulimpelekea Mwalimu rekodi kwenye simu. Alisikiliza ubeti mmoja na nusu, akarudisha simu, akamimina kahawa. Halafu akasema, kwa upole uliouma kuliko tusi: "Maneno yangu hayana baba wala mama. Kitu pekee nilichoyapa ni lafudhi, nanyi mmeyavua."

Akalighani shairi lenyewe, pale pale kibarazani, kwa sauti yake ya kawaida. Nilirekodi. Usiku nikaisikiliza rekodi ile labda mara 20, nikipima kila silabi dhidi ya ile inayofuata, na nikaona jambo ambalo nimelisema maisha yangu yote bila kulisikia. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hilo linajulikana tangu darasani. Kinachosahaulika ni kwamba silabi hiyo pia hurefuka. Mwalimu hakuwa anaipiga kwa nguvu. Alikuwa anaivuta.

Nduruumbi katooa puule.

Njia tatu

Tulirudi mezani tukiwa na wiki mbili na siku chache, na tukajadili njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuacha kuimba, tunene kwa mdundo juu ya muziki. Kuna mfano mashuhuri wa hilo: tarehe 24 Januari 1922, ndani ya nyumba moja jijini London, mashairi ya Edith Sitwell yaliyojaa mchezo wa sauti yalinenwa juu ya muziki wa William Walton, kijana wa miaka 19 wakati huo, huku msomaji akiwa amefichwa nyuma ya pazia lililochorwa na akitumia chombo cha kukuzia sauti. Kwa lugha yetu ingeokoa mkazo wote. Tuliikataa kwa sababu mbili. Hatukuwa na cha kukuzia sauti, na bati la ukumbi likipata mvua limekwisha. Pili, na hii ndiyo iliyokata shauri, kwetu shairi la vina na mizani huimbwa. Ukilinena tu, watu wanadhani unasoma risala.

Ya pili ilikuwa kughani kama Mwalimu, bila mapigo, kodiani ikishikilia noti moja chini. Mwongozaji aliipenda. Mimi pia. Lakini waigizaji wanne hawawezi kughani pamoja bila pigo la kuwaunganisha, na kituo kilihitaji sauti nne.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu inaweza kumfaa mtu mwingine. Nilitupa mchakamchaka nikaenda kwenye sita kwa nane, ule mwendo wa chakacha ambao pwani nzima inautambua hata kabla ya kuambiwa jina lake. Mizunguko miwili ya sita inatoa vipigo vidogo 12, nikavifanya kuwa nyumba ya kipande kimoja cha mizani nane. Kanuni: kila silabi inapata kipigo kimoja, na yenye mkazo inapata viwili. Vinavyobaki ni kimya.

Ndu (1) ru (2) mbi (1) ka (1) to (2) a (1) pu (2) le (1). Jumla 11, kimya kimoja. "Kigombori chatondora" ina mikazo miwili tu, kwa hiyo 10 na kimya viwili, nafasi ya pumzi. "Nani kala zile mbora" ina mikazo minne: 12 kamili, hakuna pa kupumua.

Hiyo ya mwisho ilinitisha, kisha ikawa ndiyo tunu. Kituo, ambacho ni swali la mtu aliyeibiwa, kinatoka bila pumzi, kinagonga ukingo wa mzunguko, halafu "na majungu hayafundwi" inakuja na mikazo miwili na kimya chake mwishoni. Mwalimu alikuwa ameuweka uhaba wa pumzi ndani ya shairi. Nilipomuuliza kama alikusudia, alisema mwenye mzigo ndiye ajuaye unene wa kata yake. Sijui ndilo jibu au ni methali tu.

"Wapi wewe, wapi yule" nayo ina 12 kamili, na anaimba mtu mmoja. Tukaigawa: mmoja "wapi wewe", mwingine "wapi yule", wakitazamana. Huo ukawa ugomvi wa kwanza jukwaani, umezaliwa na hesabu ya pumzi.

Ile m ya "akamrushia" nikaishusha chini kabisa, kipigo kimoja, mdomo umefungwa kwa raha. Noti ya juu ikahamia shi. Dada yule aliimba mara moja akasema, "Haya, sasa ni wimbo." Ilikuwa bahati kwamba shairi halikuwa na neno kama "mtu" mwishoni mwa kipande, ambapo mkazo wenyewe unaangukia juu ya m.

Mpiga ngoma ilibidi abembelezwe. Yeye alizoea kusindikiza mkazo, na sasa nilimwomba asisindikize chochote, aweke vipigo vyake sawasawa kama saa ya ukutani na kuacha sauti za watu zirefuke juu yake. Kwa siku mbili alicheza kama mtu aliyefungwa mkono. Siku ya tatu akagundua kwamba mikazo inatembea, mara inakutana na ngoma, mara inaipita, na akaanza kutabasamu kila zinapokutana.

Ishara zote za mikono tulizifuta. Badala yake mwongozaji akatoa agizo moja: ni jikoni, kuna kitu kimeliwa, na kila mmoja anamjua aliyekula lakini hamtaji. Mbora ni nini? Akakataa kusema. Nilikuja kugundua baadaye kwamba mwigizaji mmoja aliamini ni sambusa, mwingine medali za babu yake. Wote wawili walikuwa na hasira ya kweli.

Maonyesho

Yalikuwa matatu, Ijumaa hadi Jumapili.

Ijumaa kayamba ilituangusha. Uani tulikuwa tumeisikia ikimeza fyumbo, na tukafikiri ni kosa la mwimbaji. Ndani ya ukumbi wa bati ikawa wazi: mchakacho wa kayamba uko pale pale zilipo sauti za f, s na sh. Shongole lilifika likiwa "ongole". Jumamosi tuliiacha iimbe kati ya beti tu, maneno yakianza inanyamaza. Siku hiyo watu walicheka "likaanguka shongole" kwa mara ya kwanza, kabla kitu chochote hakijaanguka.

Ijumaa hiyo hiyo mwigizaji mmoja aliteleza akaimba "kikatota" badala ya "likatota". Herufi moja. Hakuna aliyecheka ubeti ule. Kwa neno la kawaida hadhira ingesahihisha kichwani. Kwa shongole, ambalo uhai wake wote ni ile li-, lilikuwa limekufa.

Jumamosi likatokea ambalo hatukulipanga. Mgeni rasmi alikuwa kiongozi wa eneo. Tulipofika "na majungu hayafundwi" ukumbi ulilipuka, na vichwa vikageuka kumtazama. Tulikuwa tumezama kwenye kigombori na fyumbo hata tukasahau kwamba majungu ni neno halali, lenye maisha marefu maofisini. Watu walilipata neno moja wanalolijua katikati ya yasiyojulikana, wakalikamata kama mtu anayezama anavyokamata ubao. Kutoka hapo shairi zima likawa juu ya siasa za mtaa. "Mzee wa Njangalora" naye akapata sura ya mtu. Mgeni rasmi alicheka pia, sijui kwa hiari kiasi gani, na baadaye msaidizi wake alikuja nyuma ya jukwaa kuuliza kwa heshima nani ameandika. Tukasema ni mashairi ya watoto.

Jumapili kijana wa mlangoni, anayepokea tiketi, alimsalimia mwigizaji wetu: "Ndurumbi, vipi!" Jina zima, mkazo mahali pake.

Uchambuzi

Kosa langu la mchakamchaka lingepita bila kuonekana kwenye shairi la kawaida, na hilo ndilo linalonisumbua. Tumekulia na nyimbo za dini zilizotafsiriwa juu ya tuni za Ulaya. Tunaimba BwaNA na wokoVU kila Jumapili na hakuna anayeuliza Bwana ni nani. Sikio linalolijua neno hulikarabati. Kwenye mahadhi yangu ya kwanza "mzee" alikuwa amekazwa vibaya sawasawa na Ndurumbi, mkazo umehama kutoka ze, na bado kila mtu uani alimsikia mzee. Ndurumbi hana wa kumkarabati. Mpaka wake, pale linapoanza neno na pale linapoisha, unashikiliwa na ile silabi moja ndefu tu. Ukiihamisha, msikilizaji anakata kitambaa mahali pengine na kushona neno lake mwenyewe: nduru, Mbika. Nilidhani neno la kubuni lingenipa uhuru zaidi wa muziki. Limenipa mdogo kuliko neno lolote nililowahi kuliimbisha.

Kwa nini sikuliona? Kwa sababu nilijaribu mstari wa kwanza tu, na mstari ule umejengwa kwa maneno ya silabi nne nne. Mkazo wa neno la silabi nne unaangukia ya tatu, na katika mwendo wa mbili mbili ya tatu ni pigo zito. Neno la silabi tatu likianza kwenye pigo zito ndilo linalovuruga: Ndurumbi. Mtunzi angeanza na mstari mgumu kuliko wote, wiki zile mbili zisingepotea. Nasema hivi nikijua kwamba mstari mgumu hautambuliki mpaka uvunjike.

Swali la "mmesikia nini" lilikuwa jambo bora tulilofanya katika wiki za mwanzo, na karibu tulitupe kwa tafsiri mbaya. Majibu yalikuwa sahihi kabisa. Sisi ndio tuliokimbilia matamshi. Mama wa nduru alitupa jibu la kitaalamu, tukamsikia kama mama wa jirani. Ningekuwa na daftari wakati ule ningeandika maneno yao kama yalivyo na kuyaweka chini ya silabi, na Mbika angejieleza mwenyewe mezani.

Ishara za mikono zilikuwa na mantiki yake. Zilishindwa kwa sababu zilimpa mtazamaji ahadi: kwamba kuna maana, na akiwa makini ataipata. Akishaamini hivyo hachezi tena, anafanya mtihani. Jikoni na kitu kilicholiwa hakikuahidi maana, kilitoa ugomvi tu, na ugomvi unaeleweka hata ukipita nje ya dirisha la watu usiowajua. Hapa mwongozaji anastahili sifa zake. Ila nina shaka kuhusu kuwaacha waigizaji kila mtu na mbora yake. Ilifanya kazi kwa sababu hasira ya sambusa na hasira ya medali zinafanana kwa mbali. Angekuwepo mmoja aliyedhani mbora ni mahari, sidhani tungefika.

Kumweka Mwalimu mbali kwa heshima lilikuwa kosa lenye sura ya adabu. Tulimsalimia, tukabeba shairi, tukaenda. Angekuwepo mazoezi ya kwanza angetuambia kwa dakika moja alichotuambia baada ya siku 15. Mwongozaji hakubaliani nami: anasema malenga akikaa mazoezini waigizaji wanaimba kwa woga. Huenda. Basi walau rekodi ya sauti yake ingekuwepo kabla sijagusa kodiani.

Kuhusu majungu bado tunabishana. Mwongozaji anataka litolewe, kwa sababu neno moja lenye maana lilitawala mengine yote na kugeuza kazi ya wiki tano kuwa kijembe. Mimi nilikuwa upande wake mpaka nilipoangalia tena kituo. "Mbora" inasikika kama bora. "Kala" ni kala. Fundwa ni neno zima, la unyagoni na la kinuni. Kituo chote kimesimama mguu mmoja ndani ya kamusi, na kinarudi mara tano. Mtu anayehesabu mizani kwa vidole akiongea na simu hawezi kusema hilo lilimponyoka. Nilimuuliza waziwazi. Akaniuliza mimi, hayo majungu yanayofundwa umeyaona wapi?

Kikundi kimealikwa kulirudia mwezi ujao, katika ukumbi mwingine, bila kayamba kabisa. Mwalimu ameahidi ubeti wa sita na juzi aliutuma kwa sauti kwenye WhatsApp, kaughani mara mbili. Kipande cha kwanza kinaishia na neno "mtwi". Mkazo uko juu ya m. Nimeshajaribu noti nne.